Tofauti za Kinasaba na Uchungu wa Mapema: Historia ya Tiba Iliyojengwa juu ya Wastani, 1919–2023

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya swali moja la kitabibu: kwa nini wanawake wawili wanaopatwa na uchungu wa mapema na kupewa dawa ileile hupata matokeo tofauti? Yanaanza na jitihada za kumfafanua mtoto njiti mwanzoni mwa karne ya 20, yanapitia dawa zilizotumika kuuzuia uchungu huo katika nusu ya pili ya karne hiyo, kisha yanaeleza jinsi tafiti za ukoo, za mapacha na za vinasaba zilivyoleta jibu la sehemu tu. Hoja kuu ni kwamba tofauti za kinasaba zina nafasi ya kweli katika muda wa mimba na katika mwitiko wa dawa, lakini mara kadhaa rangi ya ngozi au nchi ya mgonjwa imechukuliwa kuwa kipimo cha jeni ambazo hazikupimwa. Hoja hiyo inathibitishwa kwa kisa cha dawa ya 17-OHPC nchini Marekani na kwa majaribio ya kotikosteroidi yaliyoihusisha Kenya.

1.0 Utangulizi

Uchungu wa mapema ni uchungu wa uzazi unaoanza kabla ya majuma 37 ya mimba kutimia. Si kila uchungu wa namna hiyo huishia katika kujifungua. Wanawake wengi hutulia na kufikisha mimba zao muda unaotakiwa. Vilevile, si kila mtoto njiti huzaliwa kutokana na uchungu uliojianzia wenyewe, kwani wengine hutolewa mapema na madaktari kwa sababu mama ana kifafa cha mimba au mtoto amedhoofika tumboni. Hata hivyo, uchungu unaojianzia wenyewe, pamoja na kupasuka kwa chupa kabla ya wakati, ndio chanzo cha sehemu kubwa ya watoto njiti duniani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 katika jarida la The Lancet yalionyesha kuwa watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa njiti mwaka 2020, yaani takribani mtoto mmoja katika kila watoto kumi. Karibu theluthi mbili yao walizaliwa Asia ya Kusini na katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara.

Wakunga na akina mama wamejua tangu zamani kwamba jambo hili hujirudia. Mwanamke aliyewahi kujifungua kabla ya wakati yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua hivyo tena, na mara nyingi dada zake na mama yake wana historia inayofanana na yake. Pamoja na ujuzi huo, sayansi ya tiba ilichukua muda mrefu kuuliza ni kiasi gani cha hali hiyo hurithiwa, na muda mrefu zaidi kuuliza kama urithi huo hubadili namna mwili unavyoipokea dawa. Makala haya yanajadili sababu za kuchelewa huko na matokeo yake. Mjadala umegawanywa katika hatua sita: ufafanuzi wa tatizo, tiba za wastani, utafutaji wa urithi, uhusiano wa jeni na dawa, kisa cha projesteroni, na nafasi ya Afrika Mashariki katika historia nzima.

2.0 Kutoka Uzito hadi Majuma: Ufafanuzi wa Tatizo

Mazungumzo juu ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati ni ya kale. Imani kwamba mtoto wa miezi saba huweza kuishi ilhali wa miezi minane hufa imo katika maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates, na kwa karne nyingi iliendelea kurudiwa na waganga wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu. Kilichokosekana ni kipimo cha kuaminika. Tarehe ya kutungwa kwa mimba haikujulikana kwa uhakika, na hesabu ya miezi ilitegemea kumbukumbu ya mama.

Mwaka 1919, daktari wa watoto kutoka Ufini, Arvo Ylppö, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alipendekeza kwamba mtoto anayezaliwa na uzito usiozidi gramu 2,500 ahesabiwe kuwa njiti. Pendekezo hilo lilikuwa na faida ya wazi: mizani ilipatikana katika kila wodi ya wazazi, ilhali tarehe ya mimba haikupatikana. Shirika la Afya Duniani lililichukua pendekezo hilo mwaka 1948, likawa kipimo cha kimataifa. Lakini kipimo hicho kiliwachanganya watoto wa aina mbili: mtoto aliyezaliwa mapema lakini akiwa na ukubwa unaolingana na umri wake, na mtoto aliyetimiza miezi tisa lakini akazaliwa mdogo kwa sababu hakupata lishe ya kutosha tumboni. Mwaka 1961 wataalamu wa Shirika hilo walipendekeza kwamba uzito pekee usiitwe unjiti, bali uitwe uzito mdogo wa kuzaliwa, na umri wa mimba usiofikia majuma 37 ndio uwe kigezo cha kuzaliwa kabla ya wakati.

Mabadiliko hayo ya istilahi yana uzito kwa historia ya vinasaba. Urithi wa hali yoyote hauwezi kupimwa ikiwa hali yenyewe haijatenganishwa na hali nyingine inayofanana nayo kwa nje. Mradi mtoto mdogo na mtoto wa mapema walihesabiwa katika kundi moja, utafiti wowote wa ukoo ungechanganya jeni za ukuaji wa mtoto na jeni za muda wa mimba. Hata baada ya mwaka 1961 tatizo halikuisha, kwa sababu majuma ya mimba yalihitaji kipimo cha mawimbi ya sauti kilichofanywa mapema, na kipimo hicho kilienea kwanza katika nchi tajiri. Kwa hiyo, tangu mwanzo, uwezo wa kuuliza swali la urithi ulitegemea vifaa na kumbukumbu ambazo hazikugawanywa kwa usawa duniani.

3.0 Tiba kwa Mwanamke wa Wastani

Tiba zilizobuniwa katikati ya karne ya 20 zilitokana na nadharia mbili. Ya kwanza ilihusu homoni. Mwaka 1956 Arpad Csapo alieleza kwamba projesteroni huuweka mji wa mimba katika utulivu, na kwamba uchungu huanza pale kizuizi hicho kinapoondoka. Nadharia ya pili ilihusu misuli yenyewe: ikiwa mikazo ya mji wa mimba ingeweza kusimamishwa kwa dawa, mimba ingeendelea.

Nadharia ya pili ndiyo iliyotawala wodi kwa miaka mingi. Mwaka 1967 Fritz Fuchs na wenzake walieleza matumizi ya ethanoli, yaani kileo, iliyopitishwa kwenye mshipa ili kuzuia mikazo. Tiba hiyo ilitumika katika hospitali nyingi licha ya kumlewesha mama na kumfikia mtoto. Ilifuatwa na dawa zinazochochea vipokezi vya beta-2, ambazo hulegeza misuli ya mji wa mimba kama zinavyolegeza misuli ya njia za hewa za mgonjwa wa pumu. Ritodrini ilipata kibali nchini Marekani mwaka 1980. Mwaka 1992 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio lililowahusisha wanawake 708, na matokeo yake yalikuwa ya kukatisha tamaa: dawa iliahirisha uzazi kwa saa chache hadi siku moja au mbili, lakini haikupunguza vifo vya watoto. Dawa zilizofuata, zikiwemo nifedipini na atosibani, hazikubadili sana picha hiyo. Kazi yake kubwa ilibaki kununua muda.

Muda huo ulipata thamani kutokana na ugunduzi mwingine. Mwaka 1963 mtoto wa Rais John F. Kennedy, Patrick, alizaliwa majuma zaidi ya matano kabla ya wakati na akafariki siku mbili baadaye kwa ugonjwa wa mapafu machanga, kifo kilichoonyesha kwamba hata familia yenye uwezo mkubwa kabisa haikuwa na tiba. Miaka michache baadaye, huko Auckland nchini Nyuzilandi, Graham Liggins aligundua kupitia kondoo kwamba kotikosteroidi hukomaza mapafu ya kijusi. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba sindano za betamethasoni kwa mama zilipunguza ugonjwa wa mapafu na vifo vya watoto. Hata hivyo, ilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya mkutano wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mwaka 1994, kupendekeza tiba hiyo itumike kwa upana.

Jambo linalounganisha tiba hizi zote ni namna zilivyohukumiwa. Majaribio yalilinganisha wastani wa kundi lililopewa dawa na wastani wa kundi jingine. Mbinu hiyo ilikuwa mafanikio makubwa ya kisayansi, kwani iliwaokoa wagonjwa na tiba zisizofaa. Lakini wastani hausemi lolote kuhusu mwanamke ambaye dawa ilimsaidia sana, wala kuhusu mwenzake ambaye ilimdhuru. Dawa inayowasaidia wachache na kuwadhuru wachache wengine inaweza kuonekana, kwa wastani, kuwa haifanyi kitu. Swali la tofauti kati ya watu lilikuwa limefichwa ndani ya mbinu yenyewe.

4.0 Ukoo, Mapacha na Jeni

Ushahidi wa kwanza wa kuaminika kuhusu urithi ulitoka mahali palipokuwa na kumbukumbu ndefu za vizazi. Mwaka 1997 T. Flint Porter na wenzake walitumia kumbukumbu za uzazi za jimbo la Utah, Marekani, na kuonyesha kwamba wanawake ambao wao wenyewe walizaliwa njiti walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua njiti, na kwamba hatari iliongezeka kadiri mama alivyokuwa amezaliwa mapema zaidi. Norwei, ambayo ilikuwa imeanzisha daftari la kitaifa la uzazi mwaka 1967 kufuatia maafa ya dawa ya thalidomide, iliwawezesha watafiti kulinganisha upande wa mama na upande wa baba. Allen Wilcox na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba kuzaliwa njiti kwa mama kuliongeza hatari kwa watoto wake, ilhali kuzaliwa njiti kwa baba kulikuwa na athari ndogo sana. Maana yake ni kwamba urithi unaohusika hupita zaidi katika mwili wa mama kuliko katika jeni ambazo mtoto hupata kutoka kwa wazazi wote wawili.

Tafiti za mapacha zilitoa makadirio ya kiasi. Kwa kuwalinganisha akina mama walio mapacha wa kufanana na wale walio mapacha wasiofanana, watafiti wa Australia na Uswidi walionyesha, mwaka 2000, kwamba jeni zina sehemu isiyopuuzika katika tofauti za muda wa mimba. Makadirio ya jumla yaliyotokana na tafiti za aina hii huwekwa kati ya asilimia 25 na 40. Takwimu hiyo husomwa vibaya mara nyingi. Haimaanishi kwamba asilimia 40 ya watoto njiti husababishwa na jeni. Ni kipimo cha tofauti ndani ya jamii maalumu, katika mazingira maalumu. Katika jamii ambayo malaria, upungufu wa damu na kazi nzito hutofautiana sana kati ya mwanamke na mwanamke, sehemu ya jeni katika tofauti nzima inaweza kuwa ndogo zaidi hata kama jeni zenyewe ni zilezile.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuzitafuta jeni zenyewe. Watafiti walianza na jeni walizozishuku, hasa zile za uvimbe na kinga, kwa kuwa maambukizi yalikwisha kujulikana kuwa chanzo cha uchungu wa mapema. Mwaka 2004 George Macones na wenzake waliripoti kwamba wanawake wenye aina fulani ya jeni ya TNF-alfa walikuwa katika hatari kubwa zaidi, na kwamba hatari hiyo ilizidi pale mwanamke alipokuwa pia na mvurugiko wa bakteria wa ukeni. Utafiti huo ulionyesha jambo ambalo lingejirudia: jeni pekee haikutosha, na maambukizi pekee hayakutosha, vyote viwili vilikutana katika mwili mmoja. Lakini tafiti nyingi za aina hiyo zilihusisha wanawake wachache, na matokeo yake hayakurudiwa zilipofanywa mahali pengine.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2017, pale Ge Zhang, Louis Muglia na wenzao walipochapisha uchunguzi wa jenomu nzima ya wanawake 43,568 wenye asili ya Ulaya, wateja wa kampuni ya 23andMe waliojaza wenyewe taarifa za mimba zao. Matokeo yalithibitishwa kwa wanawake wengine kutoka nchi za Nordiki. Maeneo sita ya jenomu yalihusishwa na muda wa mimba, yakiwemo yale ya jeni za EBF1, EEFSEC, AGTR2 na WNT4, na matatu ya mwanzo yalihusishwa pia na uzazi wa kabla ya wakati. Kwa mara ya kwanza palikuwa na majina ya jeni yaliyostahimili kurudiwa. Baadhi yalielekeza kwenye njia mpya za kibiolojia: EEFSEC inahusika na protini zinazotegemea madini ya seleniamu, na WNT4 inahusika na maandalizi ya ukuta wa mji wa mimba.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa na mipaka miwili. Athari ya kila eneo ni ndogo mno kuweza kutabiri mimba ya mwanamke mmoja mmoja. Zaidi ya hayo, jenomu zilizochunguzwa zilitoka katika sehemu ya dunia yenye mzigo mdogo zaidi wa tatizo. Jenomu za watu wa Afrika zina tofauti nyingi zaidi kuliko za bara lolote, na mfuatano wa jeni unaotumika kama alama katika Ulaya si lazima uwe alama hiyohiyo mahali pengine.

5.0 Jeni na Mwitiko wa Dawa

Sambamba na utafutaji wa jeni za hatari, tawi jingine liliuliza kama jeni hubadili mwitiko wa dawa. Hapa njia ya kibiolojia ilikuwa fupi zaidi, kwa kuwa kila dawa ina kipokezi kinachoipokea na kimeng'enya kinachoivunja, na vyote viwili hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni zinazojulikana.

Mfano wa kipokezi ni ule wa dawa za beta-2. Mwaka 2005 Ruth Landau na wenzake waliripoti kwamba wanawake waliorithi kutoka kwa wazazi wote wawili aina ya kipokezi iitwayo Arg16 walipata matokeo mazuri zaidi walipotibiwa uchungu wa mapema kwa dawa za kundi hilo. Mfano wa kimeng'enya ni ule wa nifedipini, dawa inayovunjwa na vimeng'enya vya CYP3A4 na CYP3A5. Mwaka 2013 David Haas na wenzake walionyesha, katika utafiti mdogo, kwamba wanawake wenye CYP3A5 inayofanya kazi kwa nguvu walikuwa na kiasi kidogo zaidi cha nifedipini katika damu kuliko wenzao waliopewa dawa hiyohiyo.

Matokeo hayo ya mwisho yanaigusa Afrika moja kwa moja. Watu wengi wenye asili ya Ulaya hawana CYP3A5 inayofanya kazi, ilhali aina hai ya kimeng'enya hicho ni ya kawaida zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika. Inawezekana, basi, kwamba dozi iliyokadiriwa katika wodi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini haileti kiwango kilekile cha dawa katika damu ya wanawake wengi wa Kiafrika. Neno "inawezekana" lina kazi hapa. Kiwango cha dawa katika damu si sawa na siku ambazo mimba imeongezewa, na hoja kutoka kimeng'enya hadi uhai wa mtoto ina hatua ambazo kila moja huhitaji jaribio lake. Lakini huo ni mfano wa swali la kinasaba lililoulizwa vizuri: linataja jeni, linataja kazi yake, na linaweza kupimwa kwa kila mgonjwa bila kujali rangi yake.

6.0 Kisa cha Projesteroni, 2003–2023

Kisa kinachoonyesha kwa uwazi zaidi hatari ya kuuliza swali hilo vibaya ni kile cha 17-OHPC, aina ya projesteroni ya kutengenezwa inayodungwa kila juma. Mwaka 2003 Paul Meis na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 463 wa Marekani waliokuwa wamewahi kujifungua kabla ya wakati. Miongoni mwa waliopewa dawa, asilimia 36.3 walijifungua kabla ya majuma 37, ikilinganishwa na asilimia 54.9 ya waliopewa sindano bandia. Nadharia ya Csapo ilionekana kupata tiba yake. Mwaka 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliipa dawa hiyo kibali cha haraka chini ya jina la Makena, kwa sharti kwamba jaribio la pili lithibitishe manufaa yake.

Mwaka huohuo wa 2011 Tracy Manuck na wenzake walitumia sampuli za washiriki wa jaribio la Meis kuchunguza jeni ya kipokezi cha projesteroni. Waliona kwamba baadhi ya aina za jeni hiyo ziliambatana na mwitiko tofauti wa dawa, na kwamba mwelekeo wenyewe haukufanana kati ya wanawake Weusi na wengine. Huo ulikuwa mwanzo mzuri, lakini ulihitaji kurudiwa kwa kundi kubwa zaidi.

Jaribio la pili, lililoitwa PROLONG, liliwahusisha wanawake 1,708, zaidi ya nusu yao kutoka Urusi na Ukraini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 hayakuonyesha manufaa: asilimia 11.0 ya waliopewa dawa walijifungua kabla ya majuma 35, na asilimia 11.5 ya waliopewa sindano bandia. Mjadala uliofuata ulihusu tofauti za washiriki. Katika jaribio la Meis, zaidi ya nusu ya wanawake walikuwa Wamarekani Weusi. Katika PROLONG walikuwa wachache sana. Mwenye dawa na baadhi ya watetezi walidai kwamba huenda dawa iliwafaa wanawake wenye hatari kubwa, wakiwemo wanawake Weusi, na kwamba kuiondoa kungewanyima tiba pekee waliyokuwa nayo. Wataalamu wa FDA walijibu kwamba takwimu hazikuonyesha kuwa athari ya dawa ilitofautiana kwa rangi. Oktoba 2022 kamati ya ushauri ilipiga kura 14 kwa 1 kutaka kibali kiondolewe, na Aprili 2023 dawa iliondolewa rasmi.

Hoja ya watetezi haikuwa ya kupuuzwa. Ilitoka katika huzuni ya kweli, kwani wanawake Weusi wa Marekani hujifungua kabla ya wakati kwa kiwango cha juu zaidi kuliko wenzao Weupe. Kosa lake lilikuwa kuifanya rangi isimame mahali pa jeni. Ushahidi dhidi ya ubadilishaji huo ulikuwepo tangu mwaka 1997, pale Richard David na James Collins walipolinganisha uzito wa watoto waliozaliwa jimbo la Illinois. Watoto wa wanawake Weusi waliozaliwa Afrika walikuwa na wastani wa gramu 3,333, karibu zaidi na gramu 3,446 za watoto wa wanawake Weupe kuliko gramu 3,089 za watoto wa wanawake Weusi waliozaliwa Marekani. Uzito si sawa na majuma ya mimba, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya pili. Lakini kama asili ya Afrika yenyewe ingekuwa chanzo cha hatari, wanawake waliotoka Afrika moja kwa moja wasingetarajiwa kuwa na matokeo bora kuliko wale ambao sehemu ya nasaba yao ni ya Ulaya. Kilichowatofautisha ni maisha waliyoyaishi.

7.0 Afrika Mashariki katika Historia Hii

Kosa hilohilo lingeweza kufanyika katika kuyasoma majaribio ya kotikosteroidi yaliyofanyika Afrika. Jaribio la ACT, lililofanywa katika nchi sita zikiwemo Kenya na Zambia, lilisambaza deksamethasoni hadi katika ngazi za chini za huduma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalishtua: vifo vya watoto wadogo kabisa havikupungua, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka. Tiba iliyookoa maisha Auckland ilionekana kudhuru katika nchi maskini. Mtu angeweza kudhani kwamba miili ya wanawake wa nchi hizo huipokea dawa kwa namna tofauti.

Jaribio la ACTION-I la Shirika la Afya Duniani lilijibu dhana hiyo mwaka 2020. Lilifanywa katika hospitali za Bangladeshi, India, Kenya, Naijeria na Pakistani, na lilisisitiza mambo mawili: umri wa mimba ulipimwa kwa mawimbi ya sauti, na watoto walizaliwa mahali penye huduma ya kuwatunza. Miongoni mwa wanawake 2,852, vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopewa deksamethasoni na asilimia 23.5 kwa waliopewa dawa bandia. Kenya ilikuwemo katika majaribio yote mawili. Jeni za wanawake wa Kenya hazikubadilika kati ya mwaka 2015 na 2020; kilichobadilika ni uhakika wa majuma ya mimba na ubora wa huduma iliyomsubiri mtoto.

Hili halimaanishi kwamba swali la kinasaba si la Afrika. Linamaanisha kwamba haliwezi kujibiwa bila msingi huo. Kazi ya kuujenga imekwisha kuanza. Tangu mwaka 2014, mradi wa AMANHI umekusanya sampuli za damu, mkojo na kondo la nyuma kutoka kwa wajawazito wa Pemba nchini Tanzania, Karachi nchini Pakistani na Sylhet nchini Bangladeshi, wote wakiwa wamepimwa umri wa mimba kwa mawimbi ya sauti. Huko Pemba kazi hiyo ilifanywa kupitia Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri. Sampuli hizo zenye tarehe za kuaminika zilitoka mahali ambapo watoto njiti wengi huzaliwa. Nchini Zambia, jaribio la 17-OHPC kwa wajawazito wanaoishi na virusi vya UKIMWI, lililochapishwa mwaka 2021, halikuonyesha manufaa. Matokeo hayo nayo yanaidhoofisha hoja kwamba dawa hiyo ilisubiri tu kukutana na wanawake wenye asili ya Afrika.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba tofauti za kinasaba ni sehemu ya kweli ya uchungu wa mapema. Ukoo wa mama huacha alama katika muda wa mimba za binti zake. Baadhi ya jeni zinazohusika zimetambuliwa. Na vipokezi na vimeng'enya vinavyorithiwa vinaweza kubadili njia ya dawa mwilini. Lakini hadi kufikia mwaka 2023 hakuna tiba ya uchungu wa mapema iliyokuwa ikichaguliwa wodini kwa kuangalia jeni za mgonjwa. Sababu si uchache wa maabara pekee. Uchungu wa mapema ni jina moja la matukio mengi, na jeni inayohusika na maambukizi haiwezi kutarajiwa kueleza uchungu uliotokana na udhaifu wa shingo ya kizazi.

Mafunzo matatu yanajitokeza. Kwanza, ufafanuzi hutangulia jeni: pasipo majuma ya mimba yanayoaminika, utafiti wa vinasaba hupima kitu kingine. Pili, wastani wa jaribio hauondoi tofauti za watu, bali huzificha. Kwa hiyo sampuli za vinasaba zinapaswa kukusanywa ndani ya majaribio yenyewe, kwa ridhaa ya washiriki, badala ya kutafutwa baada ya dawa kushindwa. Tatu, rangi na nchi si vipimo vya jeni. Mjamzito wa Pemba au Kisumu anayefika hospitalini na mikazo katika juma la 30 anastahili kuulizwa historia ya mama yake na dada zake, kupimwa maambukizi na umri wa mimba, na kupewa tiba iliyothibitishwa kwa wanawake wenye hali kama yake. Jeni zake zitakuwa na la kusema katika tiba hiyo pale zitakapopimwa, na mpaka sasa watu wa nasaba yake ndio waliopimwa kidogo zaidi.